Saa za seva na urudufishaji wa hifadhidata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaotunza hifadhidata yenye nakala mahali pawili au zaidi: seva moja ofisini Mombasa, nyingine Nairobi, labda ya tatu kwenye wingu huko Cape Town au Ulaya. Maswali ni yale ninayoulizwa na mafundi wenzangu, mengine kwa simu wakati watu wamelala. Kuna jibu litakalokuchukua muda kulisoma na kuna la mstari mmoja. Majina ya programu na amri nimeyaacha yalivyo ili uweze kuyanakili.

Seva zangu zote zinaonyesha saa ileile. Tatizo liko wapi?

Jicho lako linasoma dakika, hifadhidata inasoma maikrosekunde. Seva ya Changamwe, Mombasa, ikiitangulia ya Nairobi kwa sekunde mbili hutagundua kwa kuandika `date` kwenye madirisha mawili, maana hata vidole vyako vinachukua muda. Ndani ya sekunde mbili hizo duka lenye wateja limeshapitisha miamala kadhaa, na yote imepigwa muhuri wa wakati usio wake.

Kwenye kila seva yenye chrony, programu inayosawazisha saa na wakati wa mtandao, endesha `chronyc tracking` usome mstari wa `System time`. Hapo utaambiwa seva iko mbele au nyuma ya wakati wa mtandao kwa kiasi gani.

Saa ya seva hupotoka kiasi gani? Joto letu la pwani linachangia?

Ndani ya seva mna fuwele ya kwatzi inayotetema, na hakuna fuwele mbili zinazotetema sawa kabisa. Makosa yake hupimwa kwa sehemu katika milioni. Sehemu moja katika milioni ni milisekunde 86.4 kwa siku. Fuwele iliyopotoka sehemu 20, jambo la kawaida kabisa, itapoteza au kujiongezea sekunde 1.7 kwa siku. Ukiiacha wiki nzima bila kuisahihisha, unakaribia sekunde 12.

Joto linachangia, tena sana. Ile saa ndogo ya betri kwenye madabodi, inayoendelea kuhesabu seva ikiwa imezimwa, kwa kawaida hutumia fuwele ya mitetemo 32,768 kwa sekunde, iliyochongwa iwe sahihi zaidi karibu na nyuzi 25 za Selsiasi. Ukitoka hapo, kwa joto au kwa baridi, inachelewa, na kuchelewa huko kunakua kwa mraba wa tofauti ya joto. Kwenye nyuzi 45 itachelewa takriban sekunde 1.2 kwa siku. Chumba cha seva Mombasa mwezi wa Machi, kiyoyozi kimezimika na mlango umefungwa, hufika huko bila taabu. Fuwele inayoendesha saa wakati seva imewaka ni ya namna nyingine, lakini nayo haipendi joto linalopanda na kushuka. Ukichora grafu ya marekebisho ya chrony utajua kiyoyozi kilizimika saa ngapi.

Data hupotea vipi hasa?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo tulia nalo.

Hifadhidata kama Cassandra na ScyllaDB hupokea maandishi kwenye nodi yoyote, yaani seva yoyote ya kundi. Nodi mbili zikipokea thamani tofauti za kitu kimoja, mgogoro huamuliwa kwa kanuni moja rahisi: mwenye muhuri wa wakati mkubwa zaidi ndiye anayebaki. Kanuni haiulizi nani aliandika mwisho kweli. Inauliza nani *amesema* aliandika mwisho.

Chukua duka la jumla lenye tawi Kongowea, Mombasa, na ofisi Nairobi. Seva inayohudumia Kongowea iko mbele kwa sekunde tatu. Saa 10:15:07 ya kweli, karani anabadilisha bei ya unga kutoka 210 kuwa 195. Seva yake inapiga muhuri wa 10:15:10. Sekunde moja baadaye, saa 10:15:08 ya kweli, msimamizi wa Nairobi anaona karani amekosea, anaweka 205. Seva yake iko sawa, kwa hiyo muhuri ni 10:15:08. Nodi zinapolinganisha, 10 ni kubwa kuliko 08. Bei inabaki 195. Msimamizi ameona skrini ikimwambia "imehifadhiwa", na kweli ilihifadhiwa, ila imefunikwa. Unga unauzwa hasara mpaka mtu aje kulalamika.

Kufuta ni kubaya zaidi. Cassandra ikifuta rekodi haiondoi kitu papo hapo; inaandika alama ya kufutwa, nayo ina muhuri wake. Alama ikipigwa na seva iliyochelewa, rekodi unayoifuta inaweza kuwa na muhuri mkubwa kuliko alama yenyewe. Umefuta, haikufutika, na hakuna aliyekwambia. Kinyume chake pia hutokea: alama ikipigwa na seva iliyotangulia, kila unachoandika baada ya hapo kinamezwa mpaka wakati halisi uifikie ile alama. Seva ikiwa imetangulia kwa sekunde tatu utavumilia. Ikiwa imetangulia kwa mwaka mmoja kwa sababu mtu aliandika tarehe kwa mkono akakosea tarakimu, una kazi.

Mbona logi hazikuonyesha kosa lolote?

Kwa sababu hapakuwa na kosa. Hifadhidata ilifanya ilivyoagizwa.

Nimesawazisha nodi zote za Cassandra na bado maandishi yanapotea. Nini tena?

Angalia seva za programu yako. Madereva ya kisasa ya Cassandra, yaani maktaba zinazounganisha programu na hifadhidata, hupiga muhuri upande wa mteja, yaani kwenye mashine inayoendesha programu, kabla ombi halijafika kwenye nodi. Watu wengi hutunza saa za hifadhidata kama mboni ya jicho halafu ile mashine ndogo inayoendesha mfumo wa mauzo haina chrony kabisa. Ukitaka kuona muhuri uliopigwa, tumia `SELECT WRITETIME(bei) FROM bidhaa WHERE ...`, jibu linakuja kwa maikrosekunde tangu 1970. Ukilinganisha namba hiyo na wakati uliopo utajua mara moja kama mwandishi alitoka siku zijazo.

Mimi natumia PostgreSQL au MySQL yenye seva kuu moja. Hili lanihusu?

Kwa mpangilio wa data, karibu halikuhusu. Seva kuu moja ndiyo inayopanga nani kwanza, na replika, yaani seva za nakala, hufuata namba za mfuatano: LSN kwa PostgreSQL, GTID kwa MySQL. Replika inaweza kuwa na saa ya mwaka jana na bado data ikawa sawasawa.

Kinachokuhusu ni vipimo na vile vitu vidogo vinavyotazama saa. Kwenye MySQL, `Seconds_Behind_Source` hukokotolewa kwa kulinganisha saa ya replika na muhuri uliotoka seva kuu. Tofauti ya saa zenyewe hupimwa mara moja tu, replika inapoanza kuunganika, kisha ikachukuliwa kuwa haibadiliki. Ukisahihisha saa katikati, namba hiyo itakudanganya mpaka uuanzishe upya muunganisho. Na kama bado unatumia urudufishaji wa kunakili sentensi (amri za SQL zenyewe, si matokeo yake), jua kwamba `NOW()` husafiri na wakati wa seva kuu ndani yake, lakini `SYSDATE()` husoma saa ya replika pale inapotekelezwa. Nakala mbili, thamani mbili.

Kwenye PostgreSQL, watu hupenda kupima kuchelewa kwa kutoa `pg_last_xact_replay_timestamp()` kwenye `now()` ya replika. Saa ya replika ikiwa nyuma ya saa ya seva kuu utapata kuchelewa hasi, yaani replika imeyajua mambo kabla hayajatokea. Pima kwa baiti, kwa `pg_wal_lsn_diff`, ndipo namba iwe na maana. Pia ile replika ya makusudi iliyocheleweshwa kwa `recovery_min_apply_delay`, unayoitunza ili mtu akifuta jedwali uwe na pa kukimbilia, hulinganisha muhuri wa seva kuu na saa yake yenyewe. Saa ikitangulia, ile saa moja ya usalama uliyodhani unayo inaweza kuwa dakika hamsini.

Na etcd, au kitu chochote kinachotumia Raft?

Raft, kanuni ya seva kukubaliana kwa kumfuata kiongozi mmoja, haitegemei saa ya ukutani kuamua ukweli. Hutumia vipima muda kujua kiongozi yu hai au la. etcd, hifadhi ndogo inayotumia kanuni hiyo, italalamika kwenye logi ikiona wenzake wamepishana nayo sana, na malalamiko hayo uyasikilize, lakini data haitavurugika kwa sababu hiyo pekee. Tahadhari moja: mahali popote kiongozi anapopewa dhamana ya muda, "wewe ni kiongozi kwa sekunde kumi zijazo", kasi ya saa inaanza kuwa na maana.

NTP inajuaje saa yangu imekosea, ilhali jibu lenyewe linachelewa njiani?

NTP, kanuni ambayo mashine huulizana wakati kupitia mtandao, ilibuniwa na David L. Mills, na maelezo yake rasmi ya kwanza yalitoka 1985. Ujanja wake ni namba nne. Seva yako inaandika wakati ilipotuma ombi, seva ya wakati inaandika ilipolipokea na ilipojibu, kisha yako inaandika jibu lilipofika.

Tuseme, kwa milisekunde: umetuma kwenye 0 kwa saa yako. Seva ya wakati imepokea kwenye 130 kwa saa yake, imejibu kwenye 131. Jibu limekufikia kwenye 61 kwa saa yako. Safari nzima imechukua 61, ukitoa 1 ya kufikiri unabaki na 60 za njia. Tofauti ya saa ni wastani wa (130 − 0) na (131 − 61), yaani wastani wa 130 na 70: milisekunde 100. NTP itakwambia uko nyuma kwa 100.

Lakini hesabu hiyo imechukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa, 30 na 30. Kama kwenda kulichukua 50 na kurudi 10, namba nne zinabaki zilezile na tofauti ya kweli ni 80. Umekosea kwa 20 na hakuna kipimo ndani ya NTP kitakachokuonyesha. Unachoweza kujua ni mpaka tu: kosa la aina hii haliwezi kuzidi nusu ya safari nzima. Ndiyo maana chanzo cha karibu ni bora kuliko chanzo mashuhuri cha mbali.

Kwa hiyo mkongo wa baharini ukikatika, saa zetu zinaharibika?

Zinaweza kupotoka. Mombasa ndipo zinapotua nyaya nyingi za nchi hii: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine baadaye. Mnamo 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini, na mtandao wa Afrika Mashariki ukazungushwa kwa njia nyingine. Njia ikibadilika hivyo, si lazima ombi na jibu zipite njia moja. Pengine ombi linakwenda kwa kaskazini, jibu linarudi kwa kuzunguka. Safari ikifika milisekunde 300, mpaka wa kosa lako ni 150. Kwa PostgreSQL yenye seva kuu moja hilo si kitu. Kwa hifadhidata inayoamua kwa mihuri ya wakati ni mwanya mpana.

Dawa ni kuwa na chanzo cha ndani ya nchi. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo Mombasa hadi Nairobi ni kama milisekunde 2.5 kwenda. Hata njia ikizunguka kidogo, kosa ni dogo. Anza na `ke.pool.ntp.org`, kisha muulize mtoa huduma wako kama ana seva yake ya NTP. Wengi wanayo, hawaitangazi.

Niweke vyanzo vingapi?

Vinne au zaidi. Kikiwa kimoja kikadanganya, utadanganyika nacho. Viwili vikipishana hutajua yupi mkweli. Vitatu vinatosha mpaka kimoja kizimike. Msiseme chanzo kikubwa hakikosei: tarehe 19 Novemba 2012 seva za NTP za kituo cha jeshi la majini la Marekani cha kutunza wakati zilitangaza mwaka 2000, na mifumo iliyozitegemea peke yake ikarudi nyuma miaka kumi na miwili.

Ukiweza, washa NTS, njia ya kuthibitisha kwamba jibu la wakati limetoka kwa unayemdhania. Chrony inaijua tangu toleo la 4.0. Na ukumbuke NTP hupita UDP mlango namba 123. Nusu ya "NTP yetu imekufa" ninazozisikia ni fayawoli.

Stima ikikatika kunatokea nini?

Mlolongo ni huu, na kila fundi wa Mombasa ameuona kwa namna yake. Stima inakatika, UPS inapumua mpaka inaishiwa, seva inazimika. Stima inarudi. Seva inawaka ndani ya dakika moja ikisoma wakati kutoka kwenye saa ya betri. Kama betri ile ya CR2032, duara kama sarafu, imeshachoka, seva inaamka na tarehe ya kale. Ruta ya faiba nayo haijapata mtandao bado. Chrony haina wa kumuuliza. Hifadhidata haijali, inaanza kupokea maandishi.

Usiku wa 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, na asubuhi yake ndipo wengi walipogundua betri za miaka minane ndani ya madabodi. Badilisheni betri hizo. Ni bei ya soda chache.

Kisha zuia hifadhidata isiwake kabla ya wakati kupatikana. Kwenye systemd, inayowasha huduma za Linux, washa `chrony-wait.service` na uongeze `After=time-sync.target` pamoja na `Wants=time-sync.target` kwenye faili ya huduma ya hifadhidata. Ndiyo, maana yake mtandao ukichelewa dakika ishirini na hifadhidata inachelewa, na mwenye duka atapiga kelele. Mimi nachagua kelele za mwenye duka kuliko kusaka rekodi zilizopotea.

Urudufishaji ukipita kwenye TLS, muunganisho wa siri unaothibitishwa kwa vyeti, seva iliyoamka na tarehe ya kale itakataa vyeti kwa kuwa "havijaanza kutumika". Watu huliona hilo kama balaa jingine. Acha libaki, limekuzuilia uharibifu.

Saa ya nodi moja iko mbele. Niirudishe tu?

Usiiguse kwanza. Nodi hiyo imeshaandika mihuri ya siku zijazo. Ukirudisha saa, maandishi yake mapya yatakuwa na mihuri midogo kuliko ya zamani, na yatafunikwa na yale iliyoyaandika yenyewe.

Itoe kwenye huduma ili isipokee maandishi. Simamisha hifadhidata. Sahihisha saa. Kisha tafuta muhuri mkubwa zaidi iliowahi kuutoa. Kama ni sekunde chache mbele, ngoja wakati halisi uupite, halafu iwashe. Hakuna njia iliyo safi kuliko kungoja.

Kama ni miezi, hali ni nyingine. Kwenye Cassandra unaweza kuandika upya thamani sahihi kwa `USING TIMESTAMP` yenye namba kubwa kuliko ile iliyopotoka, lakini nawe umeweka muhuri wa siku zijazo, na kila sasisho la rekodi hiyo litahitaji ujanja uleule. Ukifuta kwa namba kubwa, alama ya kufutwa itameza maandishi ya kawaida mpaka isafishwe, na kwa mpangilio wa kawaida haisafishwi kabla ya siku 10 (`gc_grace_seconds` ni 864,000). Jedwali likiwa dogo, mimi huona nafuu kutoa data yote nje, kufanya `TRUNCATE`, na kuirudisha kwa mihuri ya leo. Inahitaji dirisha la kusimamisha kazi. Omba dirisha hilo waziwazi, usijaribu kuifanya kimyakimya mchana.

Na nodi ikiwa *nyuma*? Hapo kuisahihisha kwenda mbele hakuna shida kubwa. Shida ni maandishi yaliyopotea tayari.

Chrony irekebishe kwa kuruka au kwa kuvuta taratibu?

Kuruka wakati wa kuwaka tu, kuvuta baada ya hapo. `makestep 1.0 3` inasema hivyo: ruka kama tofauti inazidi sekunde moja, lakini katika vipimo vitatu vya mwanzo pekee. Kwa wanaotumia ntpd, programu ya zamani ya NTP, kuvuta kwake hakuzidi sehemu 500 katika milioni, kwa hiyo sekunde moja inahitaji sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa. Na tofauti ikizidi sekunde 1,000 hujizima yenyewe, usipoiwasha kwa `-g`. Usishangae basi kuikuta imekufa baada ya stima kurudi.

Tofauti yangu ni masaa matatu kamili, haiongezeki wala haipungui.

Hiyo si fuwele, ni majira. Kenya iko UTC+3, yaani masaa matatu mbele ya UTC, wakati wa rejea wa dunia. Mashine iliwahi kuwa na Windows, ambayo huandika saa ya betri kwa majira ya hapa. Linux huisoma kama UTC. Andika `timedatectl set-local-rtc 0`, sahihisha, endelea na maisha.

Kwa nini tusiachane na saa kabisa?

Ndiyo fikira bora kwenye ukurasa huu. Kwenye kivuko cha Likoni hakuna anayeuliza saa ya mkononi mwa dereva ili ajue nani apande feri kwanza; gari linapanda kwa nafasi yake kwenye foleni. Leslie Lamport aliandika wazo la namna hiyo mwaka 1978. Kila seva iwe na kihesabio. Kila tukio liongeze moja. Kila ujumbe ubebe namba, na anayeupokea achukue iliyo kubwa kati ya yake na ya mwenzake, aongeze moja. Kwa hiyo jambo lililosababishwa na lingine haliwezi kamwe kupata namba ndogo kuliko la kwanza, saa za ukutani ziseme zitakavyo.

Kinachokosekana ni hiki: namba hizo hazikwambii kama mambo mawili yalitokea bila kujuana. Saa za vekta, zilizoelezwa na Fidge na Mattern kila mmoja kwa upande wake mwaka 1988, zinakwambia. Kila seva inatunza kihesabio cha kila mwenzake, na ukilinganisha orodha mbili utajua moja imetangulia nyingine au zimegongana. Mfumo wa Dynamo ulioelezwa na Amazon mwaka 2007 ulitumia njia hiyo kwa vikapu vya wanunuzi: vikapu viwili vikigongana, programu inapewa vyote iviunganishe. Kwa mfano wetu wa unga, msimamizi alikuwa ameiona 195 kabla ya kuandika, kwa hiyo 205 yake ingeshinda; kama hakuwa ameiona, angeonyeshwa zote mbili na kuulizwa.

Kwa nini si kila mtu anafanya hivyo? Kwa sababu mtu lazima aandike programu ya kuamua, na orodha hukua kadiri waandishi wanavyoongezeka. Watu wakachagua muhuri wa wakati kwa uvivu, na uvivu huo mara nyingi unatosha. Hautoshi kwa pesa, wala kwa idadi ya mali ghalani. Hapo ama tumia seva kuu moja, ama usihifadhi jumla: hifadhi kila tukio ("mifuko 12 imetoka") kwa kitambulisho chake, ujumlishe wakati wa kusoma. Matukio mawili yenye vitambulisho viwili hayafunikani.

CockroachDB na Spanner zinasema zimetatua hili. Ni kweli?

Kwa gharama, ndiyo. Spanner ya Google, iliyoelezwa 2012, hairudishi wakati mmoja. Hurudisha mwanzo na mwisho wa kipindi ambamo wakati wa kweli umo. Inapomaliza muamala hungoja mpaka kipindi hicho kipite ndipo itangaze. Wao wanazo antena za GPS na saa za atomu kwenye vituo vyao, kwa hiyo kungoja ni milisekunde chache. Wewe na mimi hatuna.

CockroachDB hutumia saa mseto, wazo la mwaka 2014: sehemu ya kwanza ni wakati wa ukutani, ya pili ni kihesabio, na muhuri haurudi nyuma hata saa ikirudi. Kiwango chake cha kawaida cha tofauti inayovumiliwa ni milisekunde 500, na nodi inayojikuta imepishana na angalau nusu ya wenzake kwa asilimia 80 ya hiyo hujizima. Fundi mmoja aliniuliza ataizuiaje isijizime. Sikumjibu swali hilo, nilimuuliza betri yake ina miaka mingapi.

Sekunde ya nyongeza bado ni tishio?

Inapungua. Sekunde hizo huongezwa kwenye UTC ili ilingane na mzunguko wa dunia; zimeongezwa 27 tangu 1972, ya mwisho mwishoni mwa 31 Desemba 2016 kwa UTC, kwetu ikiwa karibu saa tisa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Usiku huo sehemu ya huduma za Cloudflare iliyumba kwa sababu programu ilitoa wakati mmoja kwenye mwingine ikapata namba hasi. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo uliamua utaratibu huo ukome kufikia 2035. Mpaka hapo, usichanganye vyanzo vinavyoisambaza sekunde hiyo polepole siku nzima, kama vya Google, na vile visivyofanya hivyo. Siku hiyo ikija vitapishana hadi nusu sekunde.

Na kwenye programu zako, pima muda uliopita kwa `CLOCK_MONOTONIC`, saa isiyorudi nyuma, usitumie saa ya ukutani.

Mashine pepe na kontena je?

Kontena haina saa yake. Hutumia ya mashine mama, kwa hiyo chrony ndani ya kontena ni kazi bure. Mashine pepe ikigandishwa kisha ikafufuliwa, huamka ikidhani hakuna muda uliopita. Kwenye AWS, wingu la Amazon, tumia `169.254.169.123` kama chanzo cha wakati.

Nifunge GPS juu ya paa?

Ukiwa na kifaa kinachotoa mpigo kila sekunde, utapata usahihi wa maikrosekunde hata mtandao ukikatika. Kwa ofisi yenye nodi za hifadhidata inayoandika kila mahali, nasema ndiyo. Ila tumia antena na viunganishi vya baharini. Upepo wa chumvi hula vile vya kawaida, na antena iliyooza haizimiki ghafla. Inapoteza setilaiti mojamoja.

Kengele ya tahadhari niiweke kwenye tofauti gani?

Kwa hifadhidata ya mihuri ya wakati: milisekunde 50 unipelekee ujumbe, 200 uniamshe. Ceph, mfumo wa hifadhi wa seva nyingi, hulalamika kwenye sekunde 0.05, kwa hiyo siko peke yangu. Kwa seva kuu moja, sekunde moja inatosha. La muhimu zaidi, pima tofauti kati ya nodi na nodi; na weka kengele ya "sijapata chanzo cha wakati kwa dakika 30", maana chrony iliyonyamaza bado huonyesha namba nzuri ya mwisho.

Logi tuziandike kwa wakati wa Kenya au UTC?

UTC, kwenye seva zote, pamoja na ile ya dukani. Anayesoma ndiye atafsiri. Mteja akikupigia kusema malipo yake yalipotea "saa tatu usiku", hiyo ni 21:00 yetu, na kwenye logi utatafuta 18:00. Akisema "saa tisa" tu, muulize ya mchana au ya usiku kabla hujafungua chochote: moja ni 12:00 kwenye logi, nyingine ni 00:00, na hiyo ya pili inaangukia tarehe ileile aliyoitaja ikiwa anahesabu siku kuanzia usiku wa manane, ama tarehe ya mbele yake ikiwa kwake usiku huo bado ni wa jana. Mwombe ujumbe wa simu wa malipo, usome tarehe na saa iliyochapwa humo, utoe masaa matatu.